Udongo Mwekundu Ukiwa Juu

Espe mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimekaa jikoni na kalamu yako ya shule. Ukirudi ukaniuliza naandika nini nitakwambia napiga hesabu za sokoni, na hutaniamini, maana hesabu zangu nazipiga kichwani tangu hujazaliwa. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya mfuko wako, chini ya sweta, uikute ukiwa umeshafika Butare na umeshaonyeshwa kitanda chako cha mwanafunzi hapo hospitalini.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji, wala za kufunga mlango, wala za wanaume wanaokuita "dada" kutoka ndani ya magari. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukanijibu, "Mama, yatosha, mimi si mche wa kabichi." Nilicheka, lakini neno lilinichoma. Mche wa kabichi ukiuhamisha hauondoki na hasira.

Nakuandikia juu ya Saverina. Yule msichana mrefu aliyekuja langoni mwezi wa kumi, amejifunga kitenge cha kuazima, akauliza kama tulipolima bustani ya nyumba hii tuliona mahali palipozikwa mtu. Alikuwa akimtafuta mama yake. Nilimwambia sikuona kitu. Wewe ulinishuku baadaye, ukaniuliza, nikakupiga kofi. Basi jibu lako hili hapa: niliona. Niliona siku ya kwanza tulipoingia hapa, kabla hata ya kufagia nyumba. Nimelitanguliza ili usisome kurasa hizi zote ukijiuliza mama anazunguka nini. Sasa nivumilie nikueleze nilivyofika huko, maana mtu hafiki mahali kama pale kwa siku moja.

Babu yako alivuka kuingia Burundi mimi nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Alikuwa mtu wa bustani hasa. Huku kwao aliacha migomba, mapera, ndimu, na ua wa minyaa alioukata kwa panga ukawa sawasawa kama ukuta wa padri. Kule Bujumbura alikodi kipande cha ardhi karibu na mto, akawa analima lengalenga, vitunguu, karoti, bilinganya. Mboga za haraka tu, zile unazopanda leo na kabla msimu haujaisha umeshauza. Mti hakupanda. Mama alimwomba walau mpapai, mmoja tu, pale pembeni ya choo. "Mpapai wa nini?" alisema. "Mwakani tutakuwa nyumbani."

Kila mwaka alisema mwakani. Wala si yeye peke yake. Ungezunguka nyumba za Wanyarwanda wote tuliokuwa nao mtaani ungekuta mboga, ungekuta maua kwenye makopo ya maziwa, mti wa matunda hukuti. Tuliogopa kupanda mti kama watu wanavyoogopa kumtaja maiti kwa jina. Majirani zetu wa Buyenzi, wale Waislamu walionifundisha Kiswahili hiki pamoja na viapo vyao, walikuwa wakitutania: "Nyie mnalima kama mtu aliyekwisha kuvaa viatu." Walisema kweli, wallahi. Babu alikufa kabla hujazaliwa, na tangu avuke mpaka hakuwahi kula tunda la mti alioupanda mwenyewe. Angepanda parachichi mwaka ule wa kwanza tungekula sote tukashiba, tukagawa.

Mimi nilirithi jembe lake na ugonjwa wake wa kuogopa kupanda mti. Baba yako, Mungu amrehemu, alipokufa kwa malaria nikabaki nawe wa miaka mitatu, kile kipande cha ardhi ndicho kilichotulea. Watu huona bustani ni kazi ya kujaza sufuria, ya wanawake wasio na kazi nyingine. Waache waseme. Sufuria yako ilijaa. Ulipokohoa usiku kucha nilikuchumia majani ya mravumba nikayachemsha, asubuhi ukaomba uji. Ada ya shule ilitoka kwenye vitunguu. Arusi za mtaani zilipambwa kwa zinia zangu, na misiba pia, zinia zilezile. Baba yako mwenyewe nilimzika na maua niliyoyachuma kwenye tuta langu, sikuomba ua kwa mtu. Ndivyo bustani ilivyo, mwanangu, imo katika kila kitu na hakuna anayeitaja.

Lakini nilikosea mengi, na hayo ndiyo nataka ubaki nayo. Kitalu changu cha kwanza nilikiua mwenyewe. Nilikuwa na njaa ya kuonekana hodari, nikapata samadi ya ng'ombe mbichi kabisa, bado ina mvuke, nikaimwaga tele juu ya miche ya nyanya. Mama akaniambia, "We Venansia, iache kwanza ioze, ipoe." Nikajiona najua. Siku chache baadaye miche yote ilikuwa imeungua, imelala chini kama nywele za mgonjwa. Nilikaa pale tutani nikalia kwa sauti. Hata leo nikifikiri jinsi nilivyokulea naona ni samadi ileile mbichi. Nilikupa kila kitu kikiwa bado kina moto: mapenzi, matusi, makofi, maombi. Wewe uliota tu, sijui kwa nini, labda una mizizi ya baba yako.

Sasa tuje mwezi wa nane mwaka huu, mauaji yalipokwisha. Unakumbuka tulivyoingia Kigali, juu ya lori, mji unanuka, mbwa wamenenepa. Watu walikuwa wanaingia kwenye nyumba zilizo wazi, wanaandika langoni kwamba kuna mtu. Tulipofika Kimisagara nikachoka na kupanda mlima, nikasukuma lango moja tu kwa sababu nilitaka kukaa. Sikuichagua nyumba hii, Espe. Niliingia kutafuta kivuli. Nikapita ndani, vyumba viwili vimekombwa hata misumari, nikafungua mlango wa nyuma.

Sijawahi kukwambia nilivyohisi. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni, lakini chini yake kulikuwa na bustani, na ilikuwa ya mtu aliyeijua kazi. Matuta yalipita kukata mteremko, si kuufuata, ili maji ya mvua yasishuke na udongo. Karoti zilikuwa zimepandwa katikati ya vitunguu ili wadudu wapotee. Vinyomoro, ile miti midogo ya matunda mekundu, vilikuwa vimepogolewa vizuri, kila jeraha limekatwa mshazari. Na yale lengalenga mazuri kuliko yote hayakuwa yameguswa, yameachwa yakauke na mbegu zake, na kila shina limefungwa kipande cha kitambaa cha bluu. Mama yangu alifunga vilevile. Maana yake: hili ni la mbegu, asikate mtu. Nilisimama pale nikampenda yule mwanamke aliyevifunga, na nilikuwa sijui hata jina lake. Nilisema moyoni, huyu tungekuwa marafiki. Tungegombania mbegu kila siku.

Halafu nikaiona kona, kule nyuma ya vinyomoro.

Unajua nitakachosema kwa sababu nilikufundisha mwenyewe, ukiwa na miaka sita, umeshika kale kajembe kadogo. Udongo mweusi ndio wa juu, una uhai. Mwekundu uko chini, umelala. Ukichimba shimo unaweka mweusi kando na mwekundu kando, na ukifukia unarudisha mwekundu kwanza, mweusi juu yake. Mkulima hawezi kukosea hapo hata akiwa amelewa. Sasa kwenye kona ile mwekundu ulikuwa juu, umevurugwa na mweusi, na katikati pamebonyea. Mwenye bustani ile asingefanya vile. Waliochimba pale hawakuwa wakulima, au walikuwa na haraka.

Nilijua. Sikuhitaji kuambiwa. Wewe ulikuwa ndani ukiniita, "Mama, jiko hili linafaa!" Nikaitika, "Nakuja." Nikaandika langoni kwa mkaa kwamba kuna mtu.

Kwa nini sikutoka? Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Ungeniuliza wakati ule ningesema: twende wapi, mvua inakuja, wewe una homa, kila nyumba ya mji huu ina jambo lake. Yote yalikuwa kweli. Lakini sababu yenyewe ni kwamba niliuona udongo ule nikautamani. Nilikuwa nimelima ardhi ya watu tangu nijue kulima. Nikasema, hapa nitapanda mti. Na juma lile lile nikapanda, ule mparachichi ulio karibu na jiko, wewe ukanicheka kwamba napanda mti kabla ya kununua godoro.

Kwenye kona nikaweka mboji, nikasawazisha palipobonyea, nikapanda maboga. Nikwambie kwa nini maboga na si kitu kingine. Boga hutambaa. Majani yake ni mapana, baada ya mvua mbili tatu huoni tena ardhi. Nilitumia ujuzi wote wa baba yangu kumfunika mtu.

Wewe ulikataa kula mboga za humu mwanzoni. Ulisema hatujui za nani. Nikakukemea, nikasema mboga haiulizi nani kaipanda. Maneno mazuri sana hayo, niliyasema mpaka sokoni. Yale lengalenga ya vitambaa vya bluu niliyang'oa yote, nikapukuta mbegu, chache nikapanda, zilizobaki nikauza. Vitambaa nikavitupa. Na majani ya maboga, yale laini ya kwenye ncha, nilichuma pia nikauza, nikanunua sabuni na chumvi. Maboga yenyewe yalipokomaa sikuyagusa. Yalikuwa makubwa, Espe, makubwa kupita kiasi, kila jirani aliyechungulia juu ya ua alisema nina mkono wa baraka.

Kabla ya hapo alikuja Saverina. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Alisema mama yake aliitwa Bernadeta, kwamba mwezi wa nne, mauaji yalipoanza, yeye alikuwa Kacyiru kwenye nyumba alikofanya kazi, akajificha huko, akapona, na mama alibaki hapa peke yake. Watu walimwambia aliuawa nyumbani. Wengine walimwambia alipelekwa bondeni pamoja na wengi. Alikuwa ameshakwenda bondeni, amegeuza nguo za watu hapo kwa mikono yake, hakumwona.

"Nyumba kaa tu, mubyeyi," aliniambia. "Mimi siwezi kulala humo. Nataka mama tu. Wewe unalima, naona mikono yako. Hukuona mahali palipochimbwa?"

Aliniita mubyeyi, mzazi. Alikuwa amesema nyumba haitaki, nami sikumwamini. Nilifikiri, akipatikana mama, watakuja viongozi, watakuja ndugu, watalia hapa, kisha watasema huyu wa kutoka Bujumbura anafanya nini humu. Nikasema, "Nimelima yote, mwanangu. Hakuna kitu. Ihangane." Nikamwambia ajipe moyo, kwa Kinyarwanda changu kibovu! Halafu, kwa sababu hatumwachi mgeni aondoke mikono mitupu, nikamkatia fungu la lengalenga nikampa. Alilipokea kwa mikono miwili. Mboga za mama yake, Espe. Akashukuru.

Baada ya siku ile sikulala vizuri. Mvua ikinyesha nasikiliza upande wa kona. Nilipalilia kila mahali mpaka ardhi ikachoka nami, lakini pale sikupeleka jembe. Kisha mwezi uliopita, tukiwa tunakula, ukaweka kijiko chini ukaniuliza kwa nini maboga ya kona hatuyachumi. Nikasema bado. Ukasema, "Mama, yameanza kuoza. Na tulipokuja, udongo mwekundu ulikuwa juu. Wewe ndiye uliyenifundisha." Sikujua kama mkono wangu umeinuka mpaka niliposikia sauti ya kofi. Hukulia. Uliosha sahani yako, ukachukua kitenge, ukatoka. Ulirudi giza limeingia, ukaniambia ulikuwa kwaya. Nami nikajisemea, vizuri, limekwisha, amenyamaza.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nalisema hilo kwa watu wengine.

Leo mchana, ulipokuwa unapiga pasi nguo zako za safari, nilitazama mgongo wako. Umenyooka siku hizi, huinami tena kama msichana. Nikafikiri: huyu anakwenda kujifunza kufunga vidonda vya watu, na mtu ninayemjua nimemwacha na kidonda wazi kwa sababu ya nyumba. Nikafikiri pia, na hili si zuri lakini nalisema, kwamba ukiondoka nitabaki peke yangu na kona ile. Sitaki ujidanganye kwamba nilisukumwa na wema mtupu. Niliogopa. Nikavaa viatu nikakwambia nakwenda kununua kamba ya mfuko. Kamba sikununua, samahani, funga kwa kitambaa.

Nilikwenda Gitega, mtaa wa hapa Kigali, si ile ya Burundi. Saverina anakaa huko, alitutajia siku ile langoni, kwenye chumba kimoja na wasichana wengine wawili waliobaki peke yao. Njia nzima nilikuwa naona aibu ya mikono yangu, maana sijawahi kumtembelea mtu bila kitu. Lakini ningempelekea nini? Kila nilicho nacho kimeota pale.

Alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele kwenye ungo. "Karibu, mubyeyi," akasema, akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote. Nikamwambia nikiwa nimesimama: "Mama yako yuko kwenye kona, nyuma ya vinyomoro, penye maboga. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye mchele.

"Ulijuaje?"

"Udongo mwekundu ulikuwa juu."

"Na nilipokuja langoni, ulijua."

"Nilijua."

"Ukanipa lengalenga."

"Ndiyo."

"Niliyapika," alisema. "Nikala. Niliwaambia hawa wenzangu, yule mama ni mwema, amenipa mboga nzuri kama za mama."

Nilipiga magoti hapo mlangoni, watu wakipita. Akaniambia niinuke, si kwa upole, kama mtu anavyomwambia mtoto aache kuchafua nguo. Aliweka ungo chini. Ndipo aliponiambia kitu ambacho wewe unakijua na mimi nilikuwa sikijui.

"Msichana wako alikuja," alisema. "Mwezi uliopita, jioni. Shavu lilikuwa limevimba. Aliniambia kila kitu, mpaka mahali penyewe."

Nikasema, "Espe?"

"Mimi nilitaka kuja usiku uleule na watu. Alinishika miguu. Akasema, 'Dada, nakuomba. Ukija na watu mama atakana mpaka kufa, namjua, na atabaki hivyo maisha yake yote. Mpe muda. Atakuja mwenyewe. Kabla sijaondoka atakuja.'" Kisha akasema, "Mama yangu alikuwa ameshalala pale tangu mwezi wa nne. Nikamwambia nitangoja mpaka siku anayoondoka, hata saa moja zaidi sitangoja. Nilifanya hivyo kwa ajili yake. Si kwa ajili yako. Yeye angeweza kunyamaza."

Espe, sijui nilivyotoka Gitega. Nilitembea nimeshika kuta za watu. Mwezi mzima umekaa nami, umekula nami, umesali nami, ukinitazama nikipalilia huku na huku na kuikwepa kona, na ulikuwa umekwisha kwenda. Kila asubuhi uliniuliza, "Mama, leo unakwenda wapi?" Kila asubuhi! Nami nilikujibu sokoni, kisimani, kwa Mama fulani. Nilidhani ni adabu tu. Ulikuwa unanisubiri. Na ulisubiri mpaka leo, siku ya mwisho kabisa, umeshapiga pasi nguo.

Kama nisingekwenda leo ungeondoka ukijua mama yako ni mtu wa namna gani, na ungekuwa umejua sawasawa.

Sasa sikiliza, hili ni la kesho, ingawa utalisoma likiwa limepita. Watakuja alfajiri, Saverina na shangazi yake na wanaume wawili wa kuchimba. Amenipa amri mbili. Nionyeshe mahali, na nisishike jembe. "Mikono yako isiguse tena udongo ule," alisema. Nimekubali. Sijui nitaiweka wapi mikono yangu wakati wote huo, sijawahi kusimama kando ya watu wanaochimba nikiwa sina kitu mkononi. Nyumba nimemwambia natoka. Alijibu kwamba yeye hajaniuliza habari ya nyumba, nifanye ninachotaka. Basi natoka. Nitatafuta chumba cha kupanga, na kipande cha kulima bondeni nitakipata, kazi siiogopi. Mparachichi nitauacha. Ukizaa, atakula atakayekuwepo.

Huko hospitalini nasikia kuna uwanja mkubwa ambao haujalimwa tangu vita. Wakikupa hata upana wa mkeka, panda kitu, mwanangu. Na panda mti pia, usiulize utakaa muda gani. Lakini kabla ya kupanda chochote, uliza kwanza ardhi ni ya nani na kuna nani chini yake. Katika nchi hii ya sasa hilo ndilo somo la kwanza la kilimo cha bustani, mengine yote niliyokufundisha yanafuata nyuma yake.

Kwa hiyo kesho sitakusindikiza mpaka kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Najua wazazi wa wenzako watakuwepo wote, na nyimbo, na vikapu. Mimi nitakuaga hapa mlangoni kwa haraka, na wewe utawaona wale watu na majembe yao wakiingia. Nitakwambia utoke kwa mbele, usije nyuma. Usidhani nina hasira nawe. Sitaki tu uwe umesimama pale watakapoondoa maboga. Wewe umeshafanya yako.

Msamaha siuombi kwenye karatasi, nitakuomba uso kwa uso ukinipa nafasi. Ukipata likizo usije Kimisagara, sitakuwepo. Pitia Gitega kwa Saverina, nitamwomba akueleze nilipo. Sijui kama atakubali.

Mama yako,
Venansia